Kabla hujaenda kuona pengwini, nisikilize kwanza

Wiki jana dada mmoja wa Mbarara alinitumia ujumbe, ameitwa semina Cape Town, waandaaji wanalipa tiketi na hoteli, na mwishoni amebakiwa na siku moja ya kwake. Anauliza hiyo siku aende Boulders kuona pengwini kama kila mtu ama kuna kwingine, na je inafaa kweli au ni mambo ya watu wa Instagram tu. Nikaanza kumjibu hapo hapo kwa simu, jibu likawa refu, nikaona bora nilete hapa manake najua wengi wenu mna hiyo ndoto, hata nyie mnaojifanya mnatafuta kiwanja kwanza.

Jibu fupi: nenda Stony Point, sehemu nyingine ya pengwini, pale Betty's Bay. Na beba koti la upepo. Hilo la koti nitalirudia, mnivumilie.

Jibu refu linaanzia Mabamba, kwetu Uganda. Wanaonijua wanajua kazi yangu ni kutembeza wageni kwa mtumbwi kwenye kile kinamasi kutafuta bulwe, korongo nyangumi, ndege anayeweza kusimama sehemu moja hadi ukadhani amekufa. Miaka yote nimeshika darubini kwa ajili ya macho ya watu wengine. Mgeni anakuja, anamwona ndege wake, machozi yanamtoka, ananikumbatia, anarudi kwao. Sasa nilipoomba likizo kwenye kampuni niliyokuwa naifanyia wakati ule (siitaji jina, wanajijua), nikasema wazi naenda Afrika Kusini kuona pengwini, bosi akacheka mbele ya wenzangu akasema kazi yako wewe ni kuonyesha watu ndege, sio kwenda kuonyeshwa. Ofisi nzima ikacheka. Hata dereva ambaye chai yake nilikuwa namlipia mimi. Na mimi nikacheka nao, si ndo tunavyofanya, alafu jioni nikapita SACCO kuuliza akiba yangu imefika wapi.

Nikaenda. Habari za makaratasi sitawachosha nazo, jueni tu kwamba Mganda anahitaji visa kuingia Afrika Kusini kwa hiyo anza mapema, na kadi ya njano usiisahau manake bila chanjo ya homa ya manjano safari inaweza kuishia uwanjani. Ndege ni Entebbe hadi Johannesburg, halafu nyingine hadi Cape Town. Basi.

Boulders sitaisema vibaya. Ipo Simon's Town, ndani ya hifadhi ya Table Mountain, mchanga mweupe, mawe makubwa ya matale, maji ya rangi ile ya kalenda. Lakini watu, banange! Kila ukiinua darubini unaona kofia ya mtu. Na kuna jambo ambalo hamtaambiwa: hifadhi za taifa za kule zina bei ya raia wao, bei ya nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na bei ya wageni wengine wote, na Uganda haipo SADC, kwa hiyo wewe mtoto wa Mbarara unalipa sawasawa na Mjerumani. Stony Point inasimamiwa na CapeNature, ambao ni watu wa uhifadhi wa jimbo la Western Cape, na kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha. Hiyo peke yake ni sababu tosha, lakini sio sababu yangu.

Sababu yangu ni ule ufuko wenyewe. Unatoka mjini unaelekea Gordon's Bay, pale unashika barabara ya R44 ambayo imechongwa ubavuni mwa mlima, bahari ya False Bay iko kulia kwako chini kabisa, nyani wamekaa ukingoni kama wanasubiri matatu. Mimi nilichanga pesa ya gari na Waganda wanaosoma kule, na kuendesha hakuna shida, wanapita kushoto kama sisi. Unapita Rooi-Els, unafika Betty's Bay, unafungua mlango wa gari, na mlango unakutoka mkononi.

Upepo wa kusini-mashariki. Nilienda mwezi wa kumi na mbili, na huko ndo kiangazi, na kiangazi ndo msimu wa huo upepo. Wenyeji wanauita Cape Doctor, ati unafagia hewa chafu ya mji. Sawa, lakini mimi ulinifagia hadi kilemba. Ndo maana nasema koti, na sio sweta, sweta upepo unapita katikati kama haupo. Langu nililitoa soko la Owino, Kampala, kwenye mivumba (mitumba), la kizungu lile la kupandia milima, bei ya kuku wa kienyeji, na wenzangu waliovaa vizuri kwa ajili ya picha walirudi kukaa ndani ya gari mapema wakaniacha peke yangu na ndege wangu. Sikuwalilia.

Pale hakuna mchanga wa kutandika kanga. Ni mawe, makubwa yaliyochongoka na madogo ya mviringo, na wimbi likirudi nyuma zile kokoto zinagongana zinatoa mlio ambao sijawahi kuusikia ziwani kwetu. Zamani, mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa kituo cha kuchinjia nyangumi, na ule mteremko waliokuwa wanawavutia juu bado upo. Harufu ya kinyesi cha ndege inakukuta kabla hujamwona ndege mwenyewe. Na sauti! Pengwini wa Afrika analia kama punda, sawa sawa kabisa, mpaka mmoja wetu aliuliza punda wa nani hao.

Sasa nisikilizeni hapa, hapa ndo penye faida. Watu wengi wanatembea kile kidaraja cha mbao hadi mwisho, wanapiga picha, wanarudi, wameshamaliza. Mimi nilichagua sehemu moja nikasimama, jinsi Mabamba ilivyonifundisha. Mbele yangu, kama hatua chache tu nyuma ya kamba, alikuwepo mmoja amesimama kwenye kivuli cha jiwe, mchafu, manyoya yamesimama vipande vipande, shingoni yametoka kabisa na mapya yanachungulia chini yake. Mama mmoja mtalii akasema maskini huyu anaumwa, akapita. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anabadilisha manyoya. Pengwini anayabadilisha yote kwa wakati mmoja, inachukua kama wiki tatu, na muda wote huo haingii majini kwa sababu maji yatamfikia mwilini, kwa hiyo hali kitu, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kabla. Upepo ukija unamng'oa unyoya mmoja, unazunguka hewani, mwingine ulinata kwenye mdomo wangu. Yeye macho amefumba nusu, na juu ya jicho kuna lile doa la waridi, la ngozi tupu, ambalo damu inapitia humo kupoza mwili. Nikahama kidogo ili nisimzibie kivuli chake.

Halafu wakaanza kurudi kutoka baharini. Hao ni wa mchana, saa tisa hivi, kwa hiyo usije asubuhi ukaondoka, fika kama saa nane ukae, manake geti wanafunga mapema kabla jua halijazama. Unaona majani marefu ya mwani yanayumba, ghafla kichwa, wimbi linamtupa kwenye kokoto, anaanguka kifudifudi, anainuka, anatikisa mkia, wimbi la pili linamwangusha tena, na anapanda yale mawe kwa kuruka na miguu yote miwili pamoja kama vile hakuna mtu aliyeona. Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Na yule yule mama, wakati anarudi, akanisimamisha akaniuliza choo kiko wapi na tunafunga saa ngapi. Tunafunga. Nimevaa darubini shingoni, kitabu cha ndege mkononi, yeye kaona mfanyakazi. Nikamwonyesha choo, alafu nikamwambia na yule ndege wako haumwi, nikamweleza yote, wiki tatu, mafuta, manyoya, akasikiliza mdomo wazi. Alijaribu kunipa noti. Sikuichukua, na sijui kwa nini mpaka leo naikumbuka ile noti, ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Dada yangu, na wengine wote mnaosoma, hapo ndo nataka mnielewe. Tumeaminishwa kuangalia ndege ni kazi ya mzungu na kazi yetu ni kupiga kasia. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege na wengi wetu tunamjua korongo wa kwenye bendera tu! Ukisema umetumia pesa kwenda kuona ndege, ukoo mzima unakaa kikao. Waache wakae. Pesa ni yako, umeitafuta kwa jasho, hawakukuchangia ada ya visa, kwa nini wachangie maoni.

Na usisubiri sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 pengwini hawa walikuwa zaidi ya milioni moja, leo jozi zinazozaa hazifiki 10,000, na mwaka 2024 waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Binadamu alichukua mayai yao akala, akachimba kinyesi chao akauza kama mbolea, wakati hicho kinyesi ndo walikuwa wanachimbia viota, na sa hii anawamalizia dagaa na sadini wao. Watu wa mukene, wale dagaa wa ziwani kwetu, mnaelewa, samaki mdogo akiisha kila mtu juu yake ana njaa. Mwezi wa tatu 2025 mahakama kule ilithibitisha makubaliano ya kuzuia uvuvi wa hao samaki karibu na makoloni sita ya pengwini kwa miaka kumi, na Stony Point ni mojawapo. Pia pale ni bara, sio kisiwa, kwa hiyo wanyama wa mlimani wanashuka, mwaka 2016 chui alipenya akaua pengwini 33. Ndo maana utaona uzio, na ukikuta geti limefungwa usiliache wazi.

Ukitaka vifaranga, nenda katikati ya mwaka, ila hapo utakutana na mvua, na hapo tena nitasema koti. Kusimama sehemu moja, nalo nimeshasema. Ukiona pimbi kwenye mawe usimlishe, na mnandi aliyekaa kule mwisho mwangalie vizuri kabla hujampita, pale wanazaa aina tofauti tofauti na watu wanadhani wote ni mmoja.

Swali lake la mwisho lilikuwa kama aende na gari lake la kukodi ama atafute dereva. Gari, kama mpo wengi wa kuchangia. Na iwe Boulders au Betty's Bay, kabla hujawasha injini inama uangalie chini ya gari, mbele na nyuma, manake pengwini wanapenda kivuli cha magari yaliyopaki na hawatoki kwa honi. Aliye nyuma yako akipiga kelele anataka nafasi, mwache apige.