Maulizo ya wasomaji: masomo ni ya mupe (padri) ao ni ya Leta (serikali)?

Wiki hii tumepokea barua tatu za dini na serikali, zote za hapa Lubumbashi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu najua iko wazazi wengi wenye shida ile ile na wananyamaza.

ULIZO: Jambo sana. Mi ni Mwislamu, tunaishi Kamalondo, mutoto wangu mwanamuke anasoma mwaka wa pili sekondari kwa masomo ya Wakatoliki juu njo iko karibu na kwetu na walimu banafundisha muzuri. Tangu mwaka ulianza prefe, mukubwa wa masomo, alimuambia akifika ku mulango atoe kitambaa ku kichwa, tukakubali, anatoa. Sasa banamulazimisha aende ku misa kila siku ya tano asubui, na asipoenda banamukata pointi za kondwite (mwenendo). Baba yake anataka tumutoe kabisa pale. Prefe anasema kama tulimuandikisha kwake, basi tulikubali na dini yake. Ni kweli? (Mama wa Kamalondo)

JIBU: Hapana mama, hamukukubali dini yake. Mulikubali hesabu, Kifaransa, jiografia na nidhamu, basi. Ile maneno ya prefe nimeisikia mara nyingi na kila mara inaniuma, juu inaonekana kama ni ya haki na haiko ya haki hata kidogo.

Masomo yenye mutoto wako anasoma ni konvansione. Maana yake walimu wanalipwa na Leta, programu ni ya Leta, diplome ya mwisho ni ya Leta, na kanisa linaongoza tu kazi ya kila siku. Inatoka kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Mbele ya pale, mwishoni mwa 1974, presidenti Mobutu alikuwa amenyang'anya makanisa masomo yote, akaondoa hata Noeli kati ya siku za mapumziko, na mu 1972 alikuwa amekataza majina ya kikristu, Kardinali Malula, askofu mukubwa wa Kinshasa, akalazimika kwenda kukaa Roma. Leta ikashindwa kuendesha masomo, ikarudi kuomba makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu (waamini wa muhubiri Simon Kimbangu), kisha na Waislamu wakaingia. Nakukumbusha hii yote juu wakubwa wa kanisa walioishi ile miaka wanajua vizuri sana vile inauma mutu mwenye nguvu akiingiza mukono mu imani yako. Prefe wako angewauliza.

Sasa Katiba. Ile ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inasema nchi yetu ni laiki, yaani Leta haina dini yake. Kifungu cha 13 kinasema hakuna Mukongomani anayeweza kubaguliwa juu ya dini yake mu mambo ya elimu. Na kifungu cha 45 njo chenyewe unahitaji: masomo yanaweza kuingiza mafundisho ya dini mu programu, kwa kushirikiana na viongozi wa dini, lakini kwa kuombwa na wazazi, na kwa kufuata imani yao wazazi. Wewe na baba yake hamukuomba misa. Kwa hiyo kumukata pointi juu hakwenda ku misa haisimami.

Kuhusu kitambaa nitakuambia wazi, haiko nyepesi vile. Katiba haitaji kitambaa, na unifomu inaingia mu kanuni ya ndani ya masomo, kwa hiyo pale utalazimika kuzungumza na kuelewana, na kwa vile tayari mulikubali mimi ningeiacha kwanza kando. Shikeni ya misa juu pale muko na nguvu.

Baba yake asiharakishe kumutoa. Mutoto akiondoka katikati ya mwaka yeye njo anapoteza, prefe hapotezi kitu. Muende wote wawili, kwa upole, na barua fupi: tunaomba mutoto wetu asihudhurie misa, abaki mu darasa ao mu maktaba wakati huo, na pointi zake zirudishwe. Mubaki na kopi yenye kashe (muhuri) na tarehe. Akikataa, muende kwa kordinasio ya masomo ya Kikatoliki, hawa njo wakubwa wake, na mara nyingi wanajua mapatano kumushinda yeye. Ikishindikana pale, mupeleke ile barua kwa sous-division ya elimu, ile biro ya Leta. Musianzie ku redio, mutoto ataonyeshwa kidole na wenzake mwaka muzima.

Mimi nilisoma kwa bamupe miaka sita na nimebatizwa mule mule. Mu darasa letu kulikuwa kijana mumoja Mwislamu, na saa ya katekisimu ikifika yeye alichukua kitabu chake akaenda kukaa chini ya mwembe mu uwanja, saa ikiisha anarudi, hakuna aliyemucheka. Mupe mwenyewe ndiye alikuwa amepanga vile. Inawezekana kabisa, nimeiona kwa macho yangu. Na wale wanaoongoza masomo konvansione ya Kiislamu wasome na wao hii jibu, juu iko watoto wakristu mu madarasa yao na kifungu cha 45 ni kile kile.

ULIZO: Mimi ni Shahidi wa Yehova, nafanya kazi mu biro moja ya Leta. Kila siku ya kwanza shefu analeta muchungaji wake, tunaomba nusu saa, na listi ya waliofika inapita pale pale mu maombi. Nikikaa inje naandikwa sikuja kazini. (Kijana wa Katuba)

JIBU: Kuomba haikatazwi, kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu kila mutu kuonyesha dini yake peke yake ao pamoja na wengine. Kosa liko ku ile listi. Saa ya kazi ni ya Leta, shefu hawezi kuipima na sala ya kanisa lake. Muombe kwa maandishi usaini listi mbele ya maombi ao nyuma, kitu kidogo sana na kinamupa yeye njia ya kutoka bila haya.

Usiogope kuandika. Dini yako ilikatazwa mu nchi hii mwaka 1986, na Mahakama Kuu ikafuta ile amri mwaka 1993, juu kuna watu walipeleka kesi. Sheria ku karatasi peke yake haisaidii. Mukataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa tayari unaahidi wenyeji wa Kongo uhuru wa dhamiri, lakini Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, Wabeleji wakamuhukumu kifo, mufalme akabadilisha ikawa kifungo cha maisha, akaletwa huku kwetu Elisabethville (vile Lubumbashi iliitwa) na akakaa mufungwa miaka 30 mpaka akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Leo tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko mu nchi nzima kwa kumukumbuka. Nikipita karibu na gereza lolote la muji huu namuwaza.

ULIZO: Kama Leta ni laiki, juu ya nini maaskofu wanaingia mu politiki kila siku? (Baba wa Kampemba)

JIBU: Laiki inafunga Leta, haifungi mudomo wa askofu. Askofu ni raia, anaweza kusema bei ya unga imepanda na kura zimeibiwa. Monseigneur Monsengwo aliongoza Conférence nationale souveraine, ule mukutano mukubwa wa nchi wa kuingia mu demokrasia, na mapatano ya politiki ya tarehe 31 Desemba 2016, juu ya uchaguzi wenye kuchelewa, yalipatikana kwa upatanishi wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki, na mimi nashukuru, bila wao sijui damu ingemwagika kiasi gani.

Lakini iko pahali moja nakubaliana na wewe. Ni viongozi wa dini nane wenye kuchagua jina la presidenti wa CENI, tume ya uchaguzi. Mwaka 2021 dini sita zilimuunga mukono Denis Kadima, Wakatoliki na Waprotestanti wakakataa, na wakatupiana maneno mbele ya waamini wao mpaka aibu. Ile kazi ingeondolewa mikononi mwao. Askofu aseme vile anaona uchaguzi umeenda, kwa sauti kubwa hata, lakini atasema namna gani vizuri kama mwenye kuhesabu kura yeye mwenyewe alisaidia kumuweka?