Mafua kwenye kwaya: tatizo ni mikono au hewa?

SWALI: Kwaya yetu ina waimbaji 40. Tunafanya mazoezi kwa saa mbili katika chumba cha mita 8 kwa 6, dari mita 3. Masika tunafunga madirisha kwa ajili ya mvua, pangaboi linazunguka. Kitakasa mikono kipo mlangoni. Mbona mmoja akija na mafua, wiki inayofuata sauti ya tatu yote haipo?
Mwalimu wa kwaya, Moshi

JIBU: Mwalimu, mikono mmeishughulikia, bado hewa. Tarehe 10 Machi 2020, kwaya ya Skagit Valley, jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria 61, mmoja akiwa na dalili kama za mafua. Waliougua UVIKO-19, waliothibitishwa kwa vipimo na waliohesabiwa kwa dalili, walifika 53. Wawili walifariki.

Mwimbaji hutoa chembechembe nyingi kuliko anayezungumza, na akipaza sauti zinazidi. Matone makubwa huanguka ndani ya mita moja au mbili. Yale madogo mno huelea kama moshi wa udi, na chumba kilichofungwa huyalimbikiza dakika kwa dakika.

Pangaboi halileti hewa mpya, linakoroga iliyopo. Hata viyoyozi vingi vya ukutani hupoza hewa ileile na kuirudisha. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, watu 10 wa familia tatu waliambukizwa wakiwa kwenye meza tatu zilizo katika mkondo wa kiyoyozi kimoja, wahudumu walisalimika.

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Watu 40 ni lita 400 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 1,440 kwa saa. Chumba chenu kina 144. Kwa hiyo hewa yote ibadilike mara 10 kwa saa, na upenyo wa chini ya mlango hauwezi kazi hiyo.

Fungueni madirisha ya kuta zinazotazamana. Mvua ikipiga upande mmoja, acheni wazi ule mwingine pamoja na mlango. Nyavu za mbu zibaki, ila zioshwe: wavu uliojaa vumbi huziba hewa kuliko mnavyodhani. Wekeni feni ya kusimama karibu na dirisha, ikitazama nje, upande ambao upepo hutoka chumbani, si unakoingilia. Kosa la kawaida ni kuiweka nyuma ya safu ya mwisho. Hapo inawapelekea wa mbele pumzi za mgonjwa.

Washa kijiti cha udi katikati ya chumba. Moshi ukielekea dirishani, sawa. Ukitanda darini, bado. Mkipata kifaa cha kupima kabonidioksaidi, nje kitasoma takriban 420 ppm (sehemu kwa milioni). Ndani kikivuka 800, pumzikeni.

Imbeni dakika 30, tokeni nje dakika 10 huku feni ikiendelea. Pasiponyesha, hamieni uani moja kwa moja.

SWALI: Tukijifukiza kabla ya mazoezi?

JIBU: Mvuke hulegeza makamasi, basi. Mwenye mafua bado ataimba akitoa virusi vilevile. Abaki nyumbani, atumiwe nota kwa simu.