Damu sakafuni: osha kwanza, klorini baadaye

Dada muuguzi, umeuliza kama inatosha kumwaga Jik (dawa ya klorini) juu ya damu iliyomwagika sakafuni wodini. Haitoshi. Damu yenyewe humaliza nguvu ya klorini kabla haijawafikia vimelea. Vaa glavu nzito, futa damu kwa kitambaa cha kutupwa, osha kwa maji na sabuni, ndipo upake klorini ya asilimia 0.5 na kuiacha dakika 10, sakafu ikiwa bado imelowa. Chupa ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja na vipimo sita vya maji baridi, upya kila siku. Tafadhali sana, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: gesi yake huumiza mapafu, yako na ya wagonjwa.