Themostati Haina Kosa: Maneno kwa Mafundi Wapya wa Land Cruiser za Safari

Kila msimu wa wageni unapokaribia, gereji za Arusha hupokea vijana waliomaliza mafunzo yao hivi karibuni, na kabla mwezi haujaisha naikuta themostati, ile valvu inayoyafungulia maji ya injini njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata joto, ikiwa nzima, isiyo na hitilafu yoyote, imelala kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Juzi nimeikuta tena. Wadogo zangu, nawapenda na ninajua mnafanya kazi kwa bidii, lakini kosa hili la kuitoa ni la zamani kuliko umri wenu na linaharibu injini ambazo zingeweza kutembea miaka mingi. Naandika kuhusu 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), kwa sababu ndiyo iliyomo katika magari mengi mtakayoyashika.

Kabla ya yote, shikeni kwamba unywaji wa mafuta na joto la injini ni kesi moja. Katika nishati yote iliyomo ndani ya dizeli, takribani theluthi moja tu ndiyo inayofika kwenye krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikawa kazi. Nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huchukuliwa na maji ya rejeta, oili na hewa inayoizunguka injini. Mafuta yoyote unayoyaongeza bila kupata kazi yatakurudia kama joto au kama moshi. Ndiyo maana dereva anayelalamika kwamba gari linakunywa na dereva anayelalamika kwamba gari linachemsha wanastahili uchunguzi uleule, na mara nyingi dawa ya mmoja ni dawa ya mwingine.

Kwanza, themostati haitolewi. Kijana mmoja mwenye mikono mizuri sana alipokea gari lililochemsha likipanda kutoka ndani ya kreta ya Ngorongoro. Alitoa themostati, akafunga kifuniko chake, akalijaribu gari kwenye lami ya kwenda Moshi, na sindano ya joto ikakaa chini kabisa. Alifurahi, na dereva naye alifurahi. Gari lilipoanza kazi, dereva alileta malalamiko ambayo kijana hakuyaunganisha na kazi yake: asubuhi kwenye ukingo wa kreta hita haitoi joto, gari linatoa moshi mweupe kwa muda mrefu, na mafuta yanaisha mapema kuliko zamani. Aliambiwa abadilishe filta ya dizeli, akabadilisha, na hali ikabaki vilevile. Kisha, katika barabara ya kupandia ya Lerai, gari likiwa limejaa wageni na kiyoyozi kikifanya kazi, sindano ilipanda hadi kwenye alama nyekundu. Dereva alitaka kufika juu kwanza ndipo asimame, na alipofika gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha kuungua.

Jambo lililomshangaza kijana, na ambalo huwashangaza wengi wenu, ni kwamba gari moja linawezaje kuwa baridi mno asubuhi na kuchemsha mchana. Ishikeni themostati ya 1HZ mkononi muitazame upande wa chini: kuna kisahani cha pili. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka ndani ya injini kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Inapopata joto, valvu ya juu hufungua njia ya rejeta, na kisahani cha chini huziba ile njia ya mkato ili maji yalazimike kwenda kupozwa. Ukiitoa themostati, njia zote mbili hubaki wazi saa zote. Kwenye tambarare, sehemu ya maji inayopita kwenye rejeta inatosha na hata kuzidi, kwa hiyo injini haifikii joto lake: kuta za silinda zinakuwa baridi, dizeli haiungui yote, na nyingine inashuka kupita ringi na kuchanganyika na oili. Lakini kwenye mlima mkali, ambapo kila tone la maji linahitajika kwenye rejeta, sehemu yake inarudi kwenye injini ikiwa na moto wake wote. Kwa hiyo yule kijana alipunguza uwezo wa kupoza pale ulipohitajika na akauongeza pale ambapo haukuhitajika.

Na chanzo cha kuchemsha kwa mara ya kwanza kilikuwa wapi? Tulipofungua sehemu ya mbele, tulikuta kati ya kondensa ya kiyoyozi, ambayo hukaa mbele ya rejeta, na rejeta yenyewe blanketi la mbegu za majani na vumbi, limeshikana na haliruhusu hewa. Ukilitazama kupitia grili hulioni, kwa sababu kondensa inalificha. Kuliondoa kulihitaji maji, brashi laini na subira, wakati kazi iliyofuata ilihitaji kuichonga silinda hedi na kununua gasketi mpya, huku gari likikaa gereji katikati ya msimu. Nikimkumbuka dereva wa gari lile, aliyekosa safari zake zote za mwezi ule kwa sababu ya mbegu za majani, bado naumia.

Kama unashuku themostati, ipime. Itundike ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto, na utazame inaanza kufunguka kwenye joto gani. Kiwango chake kimechapwa juu yake. Isipofunguka, weka mpya.

Pili, rejeta huoshwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, kwa sababu uchafu uliingia kutoka mbele na pampu kali hulaza mapezi yake. Plastiki inayozunguka feni isiachwe nje eti inasumbua kufunga. Bila hiyo feni huzungusha hewa ileile ya chumba cha injini. Klachi ya feni iliyovuja silikoni huzunguka kirahisi ukiigusa wakati injini ni ya moto na imezimwa, na hiyo haiwezi tena kuizungusha feni inavyotakiwa. Taa kubwa, winchi na madebe ya mafuta vilivyopangwa mbele ya grili hupendeza kwenye picha, na vyote huzuia hewa.

Tatu, kifuniko cha rejeta. Vijana hukidharau kwa sababu ni kidogo, lakini hesabu yake ni kubwa. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, yaani karibu sana na joto la kawaida la injini inayofanya kazi. Kifuniko kizima kinachoshika shinikizo la takribani bari 0.9 hukisogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 114. Mpira wake ukipasuka, umepoteza nyuzi ishirini na zaidi za usalama, na gari litachemsha huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Maji ya kisima yenye chumvi nayo yasiingie humo. Tumieni kuulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji safi.

Nne, hewa na moshi. Dereva akisema gari halina nguvu kule juu, msikimbilie skrubu ya kuongeza mafuta kwenye pampu ya dizeli. Huko juu hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ya pwani, kwa hiyo mafuta yaliyokwishakuwamo tayari yanakosa hewa ya kuunguzwa. Ukiyaongeza unapata moshi mweusi, na joto la moshi hupanda kwenye pistoni na vichwa vya valvu mahali ambapo geji ya maji haioni. Anzeni na filta ya hewa na mabomba yake, kisha mzipeleke nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zikapimwe, kwa sababu nozeli inayodondosha badala ya kunyunyizia hula mafuta na kuunguza pistoni kwa pamoja. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huinyima pampu ulainisho wake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010 kupambana na wizi huo, lakini mwambieni dereva ajaze kwenye kituo anachokifahamu.

Tano, yale ya dereva, ambayo mnapaswa kumwambia kwa heshima kwa kuwa wengi ni kaka zenu. Apandapo mlima ashushe gia mapema na kuiacha injini izunguke karibu mara 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kwa sababu feni na pampu ya maji hutegemea mzunguko huo. Kung'ang'ania gia kubwa kwa nia ya kubana mafuta humimina dizeli kwenye injini inayozunguka taratibu na isiyopozwa. Akishatoka mchangani arudishe upepo wa tairi alioupunguza. Akifika kwenye lami atoe gari kwenye 4x4. Akisimama kuwatazama simba kwa nusu saa, azime injini. Na sindano ikipanda, asimame, azime kiyoyozi, awashe hita, aiache injini ivume polepole, na asiguse kifuniko hadi ipoe.

Sita, pimeni kabla ya kusifu kazi yenu. Jazeni tangi hadi shingoni kwenye pampu ileile ya kituo cha mafuta, andikeni kilomita, na mrudie baada ya safari nzima, kwa sababu safari fupi ya majaribio haionyeshi chochote. Kumbukeni pia kwamba gari lililotoka tairi za 7.50R16 likavishwa 285/75R16 huhesabu kilomita pungufu kwa takriban asilimia 3, na dereva atawaambia linakunywa zaidi kuliko ilivyo kweli. Sindano ya dashibodi msiiamini peke yake: katika magari mengi ya Toyota hukaa katikati wakati joto limekwishabadilika kwa nyuzi nyingi. Tumieni kipimajoto cha kulenga, kinachopima bila kugusa, mpime mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini, kisha uso wa rejeta sehemu kwa sehemu. Mahali palipo baridi kuliko jirani zake ndipo mirija ilipoziba, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.