Kama Zhang Ning angestaafu akiwa na miaka 29

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanamichezo aliyevuka miaka 30 awapishe vijana au aendelee kucheza. Najua wengi watawataja wanasoka. Mimi naomba nimtaje mwanamke wa Kichina ambaye kwetu hana jina kubwa, maana mchezo wake ni mpira wa vinyoya, ambao wengi wetu tunautazama Olimpiki inapofika tu, kisha tunausahau kwa miaka minne. Anaitwa Zhang Ning. Angewapisha vijana wakati watu walipoona inafaa, leo ningekuwa namtaja kwa mashaka.

Alizaliwa mwaka 1975 huko Jinzhou, jimbo la Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China. Mwaka 1991 akaingia timu ya taifa, bado msichana wa miaka 16. Miaka mitatu baadaye akapelekwa Jakarta kwenye Kombe la Uber, ambalo ndilo kombe la dunia la timu za wanawake katika mchezo huu. Timu mbili hucheza mechi tano, tatu za mmoja mmoja na mbili za wawili wawili, na inayoshinda tatu imemaliza kazi. Fainali ya 1994 ilikuwa China na Indonesia. Mechi nne zikachezwa, ikawa mbili kwa mbili. Ya tano, ya mwisho, ilikuwa ya Zhang Ning.

Aliyesimama ng'ambo ya wavu alikuwa Mia Audina, mtoto wa miaka 14, yuko nyumbani kwao, ukumbi mzima wake. Mia akashinda. Kombe likachukuliwa na Indonesia.

Nimecheza netiboli ya kazini miaka mingi, kwa hiyo naujua uchungu wa kupoteza kitu kilichobebwa na wenzako wote. Ukifungwa peke yako unakwenda kulia peke yako. Ukiifungisha timu, unakula nao meza moja usiku uleule. Na hapa tunazungumzia taifa zima, tena taifa lenye wachezaji wengi kiasi kwamba kupata nafasi ya pili ni kama kuomba mvua wakati wa kiangazi. Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 ilipofika, China ilipeleka wanawake watatu kwa mchezo wa mmoja mmoja: Gong Zhichao, Ye Zhaoying na Dai Yun. Gong Zhichao akarudi na dhahabu, akiwa na miaka 22. Zhang Ning alikuwa na miaka 25 na hakuwamo. Kwa hesabu za mchezo huo alikuwa tayari ameanza kuzeeka. Susi Susanti wa Indonesia aliichukua dhahabu ya Barcelona 1992 akiwa na miaka 21.

Hapo ndipo mtu mwenye busara za kawaida angemwambia, "Mwanangu, inatosha." Hakutosheka. Mwaka 2003, Birmingham, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 28. Mwaka uliofuata akaenda Athens, Olimpiki yake ya kwanza, na alipofika fainali akamkuta nani? Mia Audina. Mia alikuwa ameolewa Uholanzi na sasa anaichezea nchi hiyo, naye alishapata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1996 akiwa bado wa Indonesia. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Jakarta. Zhang Ning akapoteza seti ya kwanza 8-11, akachukua ya pili 11-6 na ya tatu 11-7.

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo, kwa sababu inapendeza: binti aliyelizwa na mtoto akiwa kijana, akalipa deni akiwa mtu mzima. Mimi nakataa kuishia hapo, maana kuna jambo lililotokea kabla ya fainali hiyo.

Katika nusu fainali ya Athens, Zhang Ning alicheza na Mchina mwenzake, Zhou Mi. Mwaka 2008 kocha mkuu wa China, Li Yongbo, alikiri hadharani kwamba baada ya Zhang Ning kushinda seti ya kwanza, Zhou Mi aliambiwa asijikaze, ili mwenzake afike fainali akiwa na nguvu za kupambana na mgeni. Kocha alilieleza kama uzalendo. Mimi naliona ni dhuluma, kwanza kwa Zhou Mi, ambaye aliondoka Athens na shaba na baadaye akahamia Hong Kong kucheza huko. Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne. Kumwambia mchezaji aliyefika nusu fainali alegeze mkono ni kumchukulia kitu ambacho hakuna atakayemrudishia. Na tabia hiyo haikuishia Athens. London mwaka 2012 wachezaji wanane wa wawili wawili, wakiwamo Yu Yang na Wang Xiaoli wa China, waliondolewa mashindanoni kwa kucheza ili washindwe, wapate kupangwa vizuri katika hatua iliyofuata.

Ila dhuluma hiyo ilimgusa Zhang Ning pia, hata kama amri ilikuwa ya makocha. Kuanzia siku kocha alipofungua mdomo, dhahabu ya Athens ikawa na doa. Angekuwa amestaafu mwaka 2004 akiwa na miaka 29, bingwa wa Olimpiki, ameshamlipa Mia Audina, kila mtu angesema ameondoka kwa heshima. Na kila ambapo jina lake lingetajwa, mtu angeuliza: je, kama Zhou Mi angeachiwa acheze?

Hakustaafu. Aliendelea, na kwa miaka kadhaa ilionekana kama kosa. Fainali ya ubingwa wa dunia 2005, Anaheim, alifungwa na Mchina mwenzake, Xie Xingfang. Fainali ya 2006, Madrid, akafungwa tena na Xie Xingfang huyohuyo, mdogo wake kwa zaidi ya miaka mitano. Mwaka huohuo wa 2006 sheria za pointi zikabadilishwa. Zamani mwanamke alicheza seti hadi pointi 11, na aliyeanzisha mpira ndiye pekee aliyeweza kupata pointi. Ukikosea wakati wewe ndiye uliyeanzisha, unapoteza zamu tu. Sheria mpya ni pointi 21, na kila kinyoya kinachoanguka ni pointi ya mtu. Mchezaji aliyejifunza kazi yake kwa miaka 15 chini ya sheria moja, akiwa na miaka 31 analazimika kuanza kuhesabu upya. Makosa aliyokuwa akisamehewa, sasa yote yanaandikwa.

Beijing 2008 ilipokaribia, nafasi za China kwa mchezo wa mmoja mmoja wa wanawake zilikuwa tatu. Zhu Lin, bingwa wa dunia wa 2007, hakupata hata moja. Zhang Ning alipata. Naelewa waliolalamika, hata mimi ningelalamika.  

Nusu fainali alimtoa Maria Kristin Yulianti wa Indonesia. Fainali, tarehe 16 Agosti, ikawa yeye na Xie Xingfang. Na hapa naomba msomaji mwenye shaka anisikilize, maana najua atauliza kama huku nako hakukuwa na amri. Athens amri ilitolewa kwa sababu kulikuwa na mgeni akisubiri fainalini. Beijing fainali ilikuwa ya Wachina wawili, dhahabu ilikwisha kuwa ya China kabla kinyoya hakijarushwa. Taifa halikuwa na faida yoyote ya kumpendelea mmoja. Tazama pia matokeo yenyewe: 21-12 kwa Zhang Ning, 10-21 kwa Xie, kisha 21-18. Seti ya pili mwanamke wa miaka 33 alichapwa vibaya na aliyemshinda mara mbili kwenye fainali kubwa. Kila mtu aliyewahi kucheza anajua seti ya tatu baada ya hapo ni ya kijana. Miguu ndiyo inayoisha kwanza, na katika vinyoya mpinzani anakupeleka pembe zote nne za uwanja, mbele kwenye wavu, nyuma kwenye mstari, hadi miguu ikatae. Zhang Ning akaishika seti ile kwa pointi tatu.

Hadi Olimpiki ya Paris 2024, hakuna mwanamke mwingine aliyechukua dhahabu mbili za mmoja mmoja katika mchezo huu. Yeye anazo, moja chini ya kila sheria. Ile ya kwanza unaweza kubishana nayo. Ya pili aliipata baada ya umri mnaouulizia, na ndiyo ninayoiamini zaidi.

Mimi niliambiwa na kocha wangu wa netiboli niwapishe vijana nilipofika 31, nikawapisha siku hiyohiyo bila kuuliza chochote. Hadi leo sijui kama alikuwa sahihi, na hilo la kutojua ndilo linaloniuma. Kama nafasi ipo na mtu anaweza kuipigania, apewe mechi aipiganie. Akishindwa, ameshindwa na mwenzake, si na cheti cha kuzaliwa.

Zhang Ning alipoweka raketi chini akawa kocha wa wasichana wa timu ya taifa. London 2012 dhahabu ya mmoja mmoja ilikwenda kwa mmoja wa wasichana hao, Li Xuerui, aliyezaliwa mwaka 1991, mwaka uleule kocha wake alipoitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza.

Msomaji wenu,
Morogoro