Tunahamia Dar es Salaam na hatuna dini: tutafute nyumba mtaa gani?

Mwanangu uliyeniandikia kutoka Leipzig,

Barua yako nimeisoma kwa makini, na kwa faida ya wasomaji wengine naieleza kwa ufupi. Wewe ni Mchaga wa Machame uliyelelewa katika usharika wa Kilutheri. Mumeo ni Mjerumani aliyekulia Leipzig bila kanisa. Ndoa yenu ni ya bomani, na mna binti wa miaka 10 na mvulana wa miaka 6. Mnahamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi yako. Wewe na mumeo hamsali. Unauliza ni mtaa gani ambao watoto hawataitwa Wazungu kila wakitoka getini, wala ninyi hamtatengwa kwa kukosa dini, na unauliza pia kama si afadhali useme tu kwamba mngali Walutheri, ili maneno yaishe.

Dada yako aishiye Tabata anakushauri mpange Masaki, kwa sababu huko wageni ni wengi na hakuna atakayekuuliza unasali wapi. Anakutakia mema, na ni kweli kwamba huko hamtaulizwa dini. Lakini nahofu kwamba hamtaulizwa hata hali. Wengi wa wapangaji wa huko ni watu wa balozi na mashirika, ambao mikataba yao ikiisha hufunga mizigo na kuondoka, na mtoto aliyekuwa amepata rafiki huanza upya. Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Oysterbay ikawa ya Wazungu, katikati ya mji na baadaye Upanga kukawa kwa Wahindi, na Kariakoo na Ilala zikawa za Waafrika. Sheria zile zimekufa zamani, ila kuta zimebaki. Mtoto mwenye mama mweusi na baba mweupe akikulia mahali ambapo watu weusi anaowaona kila siku ni mlinzi, dereva na dada wa kazi, atajifunza jambo kuhusu upande wa mama yake ambalo hutaweza kumwondolea kwa maneno.

Mimi ningeanza kutafuta Upanga. Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha mwaka 1971, nyumba nyingi za huko ziliingia mikononi mwa umma, na familia ambazo zisingekutana zikajikuta zinapanda ngazi moja. Hadi leo unaweza kukuta katika jengo moja Waismailia, Wahindu, Waislamu wa pwani, Wakatoliki na Walutheri, na watoto wao wote wanacheza mpira chini, kwenye maegesho ya magari. Mahali penye dini nyingi namna hiyo, hakuna anayetegemea jirani asali kama yeye. Mikocheni ni chaguo langu la pili, kwa kuwa wengi wa wakazi wake wamekaa miaka mingi na wanafahamiana, ingawa nyumba zina kuta na urafiki huchukua muda. Tabata usiiondoe kabisa katika hesabu. Majuma ya kwanza watoto wataitwa Wazungu na watashikwa nywele, nawe utaumia. Lakini mtaa wa aina hiyo ndio unaomjua mtoto upesi kwa jina lake, na mama lishe wa kona ndiye atakayemkemea anayemsumbua.

Sasa nije kwenye dini. Usidanganye, mwanangu. Ukisema ninyi ni Walutheri, jumuiya ya mtaa itafika kukukaribisha, zamu yako itakuja ya ibada kufanyika sebuleni kwako, na mvulana wako wa miaka 6 ndiye atakayewaeleza wageni kwamba nyumbani hatuombi. Sema kweli kwa sauti ya kawaida: nililelewa Mlutheri, sasa sisali, na mume wangu hakukuzwa na dini. Kisha nyamaza, wala usifungue mjadala. Wapo watakaoshangaa, wapo watakaokuombea, na huyo anayekuombea mshukuru, kwa maana hakutakii baya. Katiba yetu inasema katika ibara ya 3 kwamba Jamhuri ya Muungano haifungamani na dini, na hata sensa ya 2022 haikumuuliza mtu dini yake. Watu wa Machame watakaokulaumu wanaweza pia kukumbushwa kwa upole kwamba wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, mji uleule ambao leo wengi wa watu wake hawana kanisa.

Kitakachowatenganisha na majirani, kama kipo, kitakuwa kutoonekana misibani. Nakusihi ulishike hili kuliko yote niliyoandika. Turubai likifungwa kwa jirani, nenda siku hiyohiyo. Jifunge khanga, kaa mkekani na wanawake, menya vitunguu, toa rambirambi ili jina lako liandikwe kwenye daftari kama majina ya wengine. Mumeo akae kwenye viti vya wanaume hata kama haelewi nusu ya mazungumzo, na wakiomba dua ainamishe kichwa kwa heshima. Kuinamisha kichwa si kuungama imani. Vivyo hivyo Idi ikifika na sahani ya pilau ikaletwa mlangoni, ipokee kwa mikono miwili, na usiirudishe tupu. Nimeona watu wasiokosa ibada wakisemwa vibaya kwa sababu hawaonekani misibani, na sijaona mtaa uliomtupa anayezika na wenzake.

Shuleni kuna jambo dogo linaloumiza watoto. Kipindi cha dini kikifika, katika shule nyingi Wakristo huenda chumba kimoja na Waislamu kingine, na asiye na pa kwenda hubaki na dawati lake huku wenzake wakimtazama. Muulize mwalimu mkuu kabla ya kulipa ada mtoto wa namna hiyo hufanya nini, na mwambie binti yako mapema ili asishtukie mbele ya darasa. Mimi ningemruhusu akae katika kipindi chochote anachotaka, asikilize kama anavyosikiliza historia.

Kuhusu kutafuta nyumba, tangulia wewe na dada yako. Dalali akimwona mumeo siku ya kwanza, kodi itapanda kabla hamjafika mlangoni, juu ya kodi ya mwezi mmoja anayodai kama malipo yake. Tembelea jengo jioni, watoto wakiwa wametoka shule, uone kama wanacheza pamoja. Mkipata mahali, nendeni familia nzima kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkajitambulishe, wote wanne, mumeo akiwa na Kiswahili chake kidogo cha salamu. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya mwaka mzima. Omba mkataba wa miezi 6, na mwezi wa 5 uwaulize watoto kama mkae au mhame.