Plazma ya damu yako na tundu la ngoma ya sikio

Ndugu, umeuliza kama plazma, yaani majimaji ya damu, yenye chembe sahani nyingi (chembe zinazosaidia damu kuganda), inayotengwa kutoka katika damu yako mwenyewe, inaweza kuziba tundu lililokaa katika ngoma ya sikio lako kwa miaka miwili. Inaweza kusaidia, hasa tundu likiwa dogo na sikio likiwa kavu, kwa sababu chembe hizo hutoa vichocheo vya ukuaji. Lakini ukingo wa tundu la siku nyingi huwa umekwisha kufunikwa na ngozi, hivyo daktari huukwangua kwanza mpaka uwe kidonda kibichi, ndipo aweke plazma. Tundu kubwa huhitaji upasuaji wa kupandikiza utando, na hapo plazma huwa nyongeza tu. Sikio likitoa usaha, tafadhali litibiwe kwanza, na unapooga ulizibe kwa pamba iliyopakwa vaselini.